Gramu 40 za Bibi

Mizani ya sonara ilisoma gramu 40 kamili. Bangili mbili, kila moja gramu 20, karati 22, rangi yake kama kiini cha yai la kienyeji. Mama yangu alizitoa mkononi kwa maji na sabuni, maana zilikuwa hazijavuka kiganja tangu avishwe akiwa mwari. Alipokwisha kuziweka mezani akabaki ameushika mkono wake mtupu kwa mkono wa pili.

Zilikuwa zawadi kwa mjukuu wake, binti wa dada yangu, anayeolewa. Binti alishukuru, akabusu mkono wa bibi yake, kisha akasema neno lililotupeleka watu sita dukani pale Mji Mkongwe: anataka ziyeyushwe, zigeuzwe seti ya dhahabu nyeupe yenye mawe ya tanzanaiti. Mimi nilipewa karatasi na kalamu niandike bei. Nikaishia kuandika mabishano. Nayaleta hapa kwa mpangilio wangu kwa sababu nimewaona watu wengi wakitoka madukani na pete nyeupe vidoleni, wamelipa, wamefurahi, na hawajui wamevaa nini.

BIBI: Mimi nimetoa dhahabu, mke mwenzangu. Watu wakikuona ukumbini na kitu cheupe shingoni watasema umevaa fedha. Wengine watasema bati.

BIHARUSI: Fedha inaingia weusi, Bibi, hii haiingii. Na lile jiwe la buluu kwenye manjano linafifia. Kwenye weupe linawaka.

BIBI: Dhahabu Mungu kaiumba ya manjano. Huo weupe kaupata wapi?

MCHIMBAJI: Shikamoo mama. Mimi nawasikiliza tu, lakini niliposikia dhahabu nyeupe nilidhani mnazungumza pamba. Kwetu Usukumani, tangu wazee wetu, dhahabu nyeupe ni pamba. Baba yangu alinisomesha kwa pamba, mimi nasomesha wanangu kwa duara la dhahabu pale Geita. Sikujua kama kuna ya tatu.

Huyo ni baba mdogo wa bwana harusi, mchimbaji mdogo, aliyesafiri kutoka Kanda ya Ziwa kuja kuwakilisha upande wao. Tulicheka, lakini jina hilo kweli lina mizigo mingi.

SONARA: Wapo hata wanaoiita hivyo platinamu, mzee, nayo ni madini mengine kabisa. Hii ninayosema mimi ni dhahabu hiihii yenu ya Geita, imechanganywa. Ikiwa tupu, karati 24, ni laini mno, haishiki jiwe. Hata bangili za Bi Mkubwa si tupu. Katika sehemu 24, dhahabu ni 22. Mbili zilizobaki ni shaba na fedha. Ukizidisha shaba, mkufu unaelekea wekundu. Ukizidisha fedha, unapauka na kuingia ukijani. Ukitia paladiamu au nikeli ya kutosha, manjano yote yanakufa. Karati 18 ni sehemu 18 za dhahabu na 6 za vitu vingine, ndiyo maana muhuri wake ni 750: mia saba na hamsini katika elfu.

BIBI: Kwa hiyo rangi inanunulika.

BIHARUSI: Bibi, mimi kila siku kazini naiona dhahabu nyekundu. Unakumbuka ulipotobolewa kidole, damu ikawekwa kwenye kile kipimo cha haraka cha malaria? Vipimo vingi vya namna ile, ule mstari unaojitokeza ni dhahabu. Punje zake ni ndogo, zaidi ya elfu moja zikipangwa safu moja hazijazi upana wa unywele. Ikisagika kiasi hicho inakuwa nyekundu kama zabibu.

BIBI: Yaani serikali inatia dhahabu kwenye homa yangu?

BIHARUSI: Kidogo sana, Bibi. Lakini ni dhahabu.

Binti yetu anafanya kazi maabara, kwa hiyo hakuwa anabahatisha. Mimi nilirudi nyumbani nikasoma zaidi, na jambo lililonishangaza ni kwamba hata ule umanjano anaoutetea mama yangu una sababu yake ya ajabu. Atomu ya dhahabu ina protoni 79 katikati yake, na kwa mvuto wa protoni hizo elektroni zilizo karibu na kiini hukimbia kwa zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga. Mbio hizo huvuta mpangilio mzima wa elektroni hadi metali hii inakunywa mwanga wa buluu na kuturudishia manjano. Fedha, iliyo jirani yake kwenye jedwali la elementi, haina mbio za kiasi hicho, nayo inabaki nyeupe. Sonara anapotia paladiamu anauvuruga mpangilio huo. Dhahabu yenyewe haiondoki mahali pake.

Ulaini nao usidharauliwe. Gramu moja ya dhahabu tupu inaweza kufuliwa hadi ikawa karatasi nyembamba ya karibu mita moja ya mraba. Kule Mapungubwe, kusini ya mto Limpopo, katika karne ya 13 mafundi walifua bati nyembamba za dhahabu, wakazivisha juu ya sanamu ya mti ya kifaru na kuzikaza kwa misumari midogo ya dhahabu. Sanamu ilichimbuliwa miaka ya 1930 na bado inang'aa. Dhahabu ya nyanda zile ndiyo iliyoshuka hadi Sofala na kuitajirisha Kilwa kabla Wareno hawajaivamia mwaka 1505. Kwa hiyo mwanamke wa pwani anaposema anaijua dhahabu, anasema kitu cha zamani sana, na mimi sipendi anapochukuliwa na muuzaji kama mtu wa kufundishwa.

Sonara aliichukua bangili moja, akaisugua kwenye jiwe lake jeusi ikaacha mstari, akadondosha tindikali. Mstari haukufutika. "Karati 22 ya kweli," akasema, na mama akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jina lake mwenyewe.

BWANA HARUSI: Mimi ni fundi simu, Bibi. Hizi simu ndani yake, pale betri na laini ya simu zinapogusana na bodi, kumepakwa dhahabu, kwa sababu haishiki kutu na umeme unapita vizuri. Na darubini ya anga ya James Webb, iliyorushwa Desemba 2021, vipande vyote 18 vya kioo chake kikuu vimevikwa dhahabu. Kwa hiyo kuvikwa si aibu.

SONARA: Kule kitu kingine kimevikwa dhahabu. Hapa ni kinyume, na bora niseme sasa kuliko mje kuniuliza baada ya mwaka mmoja. Dhahabu nyeupe ikitoka kwenye moto si nyeupe hivi mnavyoiona kabatini. Ina ukijivu, au umanjano wa mbali. Huu weupe wa kioo ni rodiamu. Naitumbukiza kwenye dawa, napitisha umeme, rodiamu inaganda juu yake.

BIBI: Kumbe ni ya kuchovya!

Neno hilo lilitua vibaya. Madukani kwetu "dhahabu ya kuchovya" ni tusi. Ni mkufu wa shaba uliopitishwa kwenye maji ya dhahabu, unaokuacha shingo kijani kabla ya sikukuu ya pili. Sonara alikunja uso, lakini nampongeza, hakukasirika.

SONARA: Mama, ya kuchovya chini yake ni shaba. Hii chini yake ni robo tatu dhahabu. Na hiyo rodiamu si kitu cha bei ndogo. Mwaka 2021 gramu yake ilipanda hadi zaidi ya mara 10 ya gramu ya dhahabu. Ni ngumu, haichubuki ovyo. Lakini ni nyembamba, haifiki hata sehemu moja ya elfu ya milimita, na pete inakutana na sufuria, sabuni, mchanga. Mwaka mmoja, miwili, umanjano unachungulia. Unaniletea, naivisha tena.

BIBI: Na kila mara unalipwa.

SONARA: Kila mara nalipwa, mama. Sikufichi.

Wengi wanaficha. Rafiki yangu alinunua pete ya namna hii kwa sonara mmoja ambaye jina lake nalihifadhi. Alipoona umanjano unatokea upande wa kiganja, alidhani ameuziwa bandia. Alikaa mwaka mzima akiwa na aibu, akiificha pete kwenye sanduku, hakumwambia hata mumewe aliyeinunua. Hakuwa ameibiwa hata kidogo. Alikuwa amenyimwa maneno mawili tu, "imevikwa rodiamu", na kunyimwa kule kukamgharimu amani ya mwaka mzima. Kwa hiyo kwenye jambo hili mimi nina upande. Dhahabu nyeupe siilaumu, ninalolilaumu ni kimya cha kaunta.

Nilimuuliza sonara kwa nini watu waliianza, kama ina shida zote hizi. Akasema mwanzoni mwa karne ya 20 matajiri walipenda platinamu, nayo ni ghali na inahitaji moto mkali zaidi. Mafundi wakatafuta kitu cheupe kinachofanana nayo. Vita vya dunia vilipoanza platinamu ikawa ya majeshi. Marekani mwaka 1942 ilizuia kabisa isitumike kwa vito, na dhahabu nyeupe ikaziba pengo.

BIHARUSI: Fundi, mimi masikio yangu hayapatani na hereni za barabarani. Nikivaa siku mbili yanavimba, yanatoa maji.

SONARA: Hiyo ni nikeli. Basi wewe nisikuchanganyie nikeli hata chembe. Umoja wa Ulaya tangu 1994 umeweka sheria ya kuibana nikeli kwenye vitu vinavyogusa ngozi, kwa ajili ya watu kama wewe. Rodiamu ingekukinga ikiwa mpya, ikishalika utaanza kujikuna. Wewe nitakutilia paladiamu. Ni ghali zaidi, lakini ina faida nyingine: nikeli inaifanya dhahabu kuwa ngumu na yenye kuruka kama springi, na tanzanaiti ni jiwe jororo, linapasuka kwa kubanwa vibaya. Paladiamu inakunjika kwa upole juu ya jiwe. Na ukivaa, usiingie nayo bwawa la kuogelea, dawa ya maji yale ina ugomvi na michanganyiko hii.

Hapo ndipo kaka yangu, ambaye ni maalim wa madrasa na alikuwa amenyamaza na tasbihi yake mlangoni, alipogeuka. Bwana harusi alikuwa ameinua pete pana nyeupe kutoka kabatini na kuijaribu kidoleni.

MAALIM: Hiyo ni ya nini, mwanangu?

BWANA HARUSI: Ya kwangu, mjomba. Tufanane na biharusi. Si ya manjano, ni nyeupe, nilidhani haina neno.

MAALIM: Mwanamume wa Kiislamu hakatazwi rangi. Amekatazwa dhahabu. Fundi kasema robo tatu ni dhahabu. Ukimvisha ng'ombe ngozi ya punda, utamlipia ushuru wa punda?

BWANA HARUSI: Lakini nimesikia masheikh wakiruhusu dhahabu nyeupe.

MAALIM: Ndiyo lile jina moja la vitu viwili. Walioruhusu wameulizwa habari za platinamu, ambayo watu wengine huiita dhahabu nyeupe, na platinamu si dhahabu. Muulize fundi kwanza ni kitu gani, kisha uje uniulize hukumu yake. Vaa fedha. Mtume, rehema na amani zimshukie, alivaa pete ya fedha.

Pete ilirudi kabatini. Nilivutiwa na namna maalim na sonara, watu wa elimu mbili zisizokutana, walivyosimama mahali pamoja: wote wawili walitaka kijulikane kilicho chini ya rangi. Dada wa jirani aliyekuwa akisubiri zamu yake akaingiza swali la zaka. Maalim akamjibu kwa ufupi kwamba nisabu, yaani kiwango kinachowajibisha zaka, ni kama gramu 85 za dhahabu safi, na kwamba madhehebu ya Shafii, tunayoyafuata wengi wa pwani, hayatoi zaka kwenye kipambo halali anachokivaa mwanamke, ingawa Hanafi wanatoa. Gramu 40 za mama zilikuwa salama kwa wote.

BIBI: Mzee wa Geita, wewe unaitoa ardhini. Ungekuwa wewe, ungeiyeyusha?

MCHIMBAJI: Ningeiyeyusha, mama. Ngoja nikwambie kwa nini. Sisi tunashuka duarani kwa kamba, tunapandisha mawe, tunayapeleka kwenye karasha yasagwe, tunaosha mwaloni. Kuipata ile chembe ndogo tunatia zebaki, inaishika dhahabu, tunakamua kwa kitambaa, halafu tunachoma. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Wapo wanaochoma jikoni, mtoto mgongoni. Nawajua wazee wanaotetemeka mikono hata kikombe cha chai hawakishiki. Siku hizi kuna vifaa vya kunasa ule mvuke, na marudio yetu, yale mabaki ya kuoshea, yanauzwa kwa wenye mitambo ya sayanidi. Dunia ilikubaliana mwaka 2013, kwenye mkataba wa Minamata, kuipunguza zebaki. Soko la madini tunalo Geita tangu 2019, tunapimiwa hadharani. Lakini zebaki bado ipo. Bangili yako ilishalipiwa na mikono ya watu zamani. Ukiiyeyusha, hakuna anayeshuka duarani kwa ajili yako.

Mama alikaa kimya muda mrefu. Nadhani ni maneno hayo, kuliko ya mjukuu wake, yaliyomgeuza. Alisukuma bangili moja mbele, nyingine akaiacha chini ya kiganja.

BIBI: Haya. Hesabu yako, fundi.

SONARA: Rahisi, Bi Mkubwa. Ukileta 40, unachukua seti ya gramu 40. Ukileta 20, unachukua ya 20. Unalipia mawe, paladiamu na ufundi tu.

Ilisikika kama haki. Kalamu yangu ilikuwa imeshaanza kuandika.

BIBI: Ngoja. Mwanangu, nikikuletea jagi la maziwa, wewe ukatia maji, nirudi nyumbani na jagi lilelile moja? Maziwa yangu mengine yamekwenda wapi?

Duka zima lilinyamaza. Mama yangu hakusoma shule. Ameuza maziwa, ameuza mandazi, na mwaka mmoja wa shida aliuza bangili ya tatu ili mimi nimalize sekondari. Anajua kitu kinavyopungua ndani ya kipimo kisichopungua.

Niligeuza karatasi, nikapiga hesabu. Gramu 40 za karati 22 zina dhahabu tupu gramu 36.67. Gramu 40 za karati 18 zina dhahabu tupu gramu 30. Uzito uleule, mizani ileile, na gramu 6.67 za dhahabu zimebaki upande wa pili wa kaunta. Dhahabu ya mama ikishushwa kwa haki hadi karati 18 haiwezi kuwa gramu 40, lazima ivimbe hadi karibu 48.9. Kwa bangili moja, gramu 20 zinakuwa 24.4.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi tangu siku ile, na naisihi kila nyumba inayopeleka dhahabu ya kale kuyeyushwa iifanye kabla ya kutoka mlangoni. Zidisha uzito wako kwa karati zake, gawanya kwa karati mpya. Ndiyo uzito unaostahili kurudi nao, ukiondoa kidogo kinacholiwa na moto. Sonara akibaki na ziada, akulipe ziada.

SONARA: Bi Mkubwa, ndiyo desturi ya soko, gramu kwa gramu.

MAALIM: Desturi haifanyi kipimo kuwa sawa, fundi.

Sonara alifuta jasho. Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba mama amesema kweli, ila naye ahesabiwe kazi yake. Shaba iliyomo kwenye bangili itauchafua weupe, kwa hiyo lazima aisafishe dhahabu kwanza, kwa ule mchanganyiko wa tindikali ya nitriki na ya hidrokloriki. Kila moja peke yake haiwezi kuiyeyusha dhahabu, zikiungana zinaimeza. Kisha airudishe kuwa unga, kisha aichome upya juu ya nyuzi 1,064, ndipo atie paladiamu. Mama akasema kazi italipwa, tena vizuri, mradi iandikwe kuwa kazi. Isilipwe kwa kimya.

Basi risiti iliandikwa hivi: bangili moja, gramu 20, karati 22. Kitakachorudi: gramu 24 za karati 18, mchanganyiko wa paladiamu, hakuna nikeli, imevikwa rodiamu, kuvikwa tena kwa bei iliyotajwa. Bwana harusi: pete ya fedha. Sonara alitia sahihi. Nilimwona akiisoma tena risiti ile kabla hajampa mama, kama mtu anayeiona kazi yake ikiandikwa kwa mara ya kwanza.

Bangili ya pili mama aliichukua, akamwita mjukuu wake, akaipitisha kwenye mkono wa binti. Iliingia bila sabuni.

Kisha sonara akaishika ile iliyobaki mezani, akaanza kuikata kwa msumeno mwembamba ili vipande vienee kwenye chungu chake kidogo cha kuyeyushia. Chembe za manjano zilikuwa zikidondoka kwenye ngozi iliyotandazwa chini ya meza ya kazi. Alipomaliza akaweka vipande kwenye mizani, akageuka kutafuta koleo.

"Na hilo vumbi?" mama akauliza.

Sonara alisimama. Akachukua burashi ndogo, akaifagia ile ngozi taratibu kutoka pembe hadi pembe, akaikunja na kumimina chembe juu ya vipande. Namba kwenye mizani ikapanda kidogo, ikarudi kwenye 20.

"Sasa andika," mama akaniambia.